Gia ya Mlimani

Baada ya Isha, sebuleni, hapa Hamra,
baisikeli yangu iko miguu juu
kama mende aliyepuliziwa dawa.
Mama alisema: grisi isifike kwenye zulia.
Nimetandika magazeti.
Imefika.

Ni baisikeli ya njia za changarawe,
usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume.
Kokoto za wadi inazimudu, na vumbi, na jua la saa nne.
Lakini kule kwenye mteremko wa Hat, wakati wa kurudi,
pale barabara inaposimama ghafla
kama mtu aliyetukanwa,
Ijumaa iliyopita nilishuka nikaisukuma,
na mbuzi wakanitazama bila adabu.

Ndipo nikaapa: nitaifunga mkono wa gia wa mlimani,
mrefu, wa kuweza kubeba mnyororo
hadi kwenye duara la meno thelathini na sita.

Nikaagiza mpya, Dubai.
Ukaja ndani ya boksi jeusi, umelazwa kama mkufu wa bibi harusi.
Nikaufunga kwenye sikio la fremu,
nikapitisha waya, nikazungusha pedali kwa mkono,
nikabofya.

Tak. Mnyororo haukwenda.
Tak. Ukapanda gia moja, kwa kinyongo.
Tak. Ukabaki njiani, kre-kre-kre,
kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga.

Mkono mzima. Waya mzima. Kidole changu kizima.
Ila kibofyo kinavuta kwa kipimo cha lami,
na mkono unangoja kipimo cha mlima:
huyu anatoa wanda, yule anadai shubiri.

Nayajua haya. Nilifika kutoka Wete nina miaka tisa,
nikasimama darasani kuomba maji
kwa Kiarabu changu cha chuoni, Kiarabu cha kusomea tu.
Nilivuta nilivyofundishwa.
Upande wa pili hakuna kilichosogea,
isipokuwa mabega ya wasichana, kwa kicheko.

Saa tano usiku nikapanda darini.
Kando ya tangi la maji, chini ya turubai,
iko baisikeli ya mlimani ya binamu yangu Suleyum,
aliyeiacha alipopata kazi Sohar na tumbo.
Mkono wake wa gia umechubuka, umeshika kutu,
wa zama za gia tisa,
uliofuliwa kabla mlima na lami havijagombana,
viwanda bado vikitumia rula moja.

Nikaung'oa kwa tochi ya simu, meno yakishika tochi.
Nikausugua kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani
(wa nani, sikuuliza).

Tak. Ukapanda.
Tak. Ukapanda.
Tak. Ukapanda, ukatetemeka, ukanung'unika.

Mama yuko kwenye cherehani, anapinda ukingo wa abaya ya mteja.
Hakuinua kichwa.
"Uzi wako umelegea," akasema.
Nikamwambia huu si uzi, ni waya, na hii si cherehani.
"Haya."
Akashona inchi mbili.
"Lakini umelegea."

Nikashika kile kipipa kidogo cha kukazia waya,
nikakizungusha robo, nikasikiliza.
Robo nyingine. Nikarudisha nusu ya robo.
Mashine yake na yangu zikawa zinasema kwa zamu,
hata nikasahau ipi yangu.

Gia ya saba bado inalalamika.
Nimeiacha. Kila nyumba ina mmoja.

Mkono mpya nimeuzungushia kitambaa nikauweka kabatini.
Boksi jeusi Mama amekwisha lichukua,
anatia vifungo.

Mlima nitaujua Ijumaa.
Mbuzi pia.